Mtaa wa Kongo, Mto Kongo

Ukitaja Kongo katikati ya Dar es Salaam, watu wanawaza nguo, viatu na msongamano. Mtaa wa Kongo uko Kariakoo, na Mtaa wa Livingstone uko Kariakoo hiyohiyo. Mimi nikipita huko huwaza maji. Maporomoko ya Mto Kongo, yale yanayoshuka kilomita 350 hivi kutoka Kinshasa ya leo hadi Matadi, Henry Morton Stanley aliyaita Livingstone, ingawa Livingstone hakuwahi kuyaona. Walioyashuka walikuwa watu wa pwani yetu.

Siku hizi vijana wenye nauli huenda Jinja kupiga makafi kwenye Mto Nile. Kila mmoja huvaa kofia ngumu na jaketi la kuokolea, kiongozi hukaa nyuma ya boti la mpira akipaza sauti, na jioni wote wanatumiana picha. Hata huko maporomoko yamepungua: bwawa la Bujagali, lililozinduliwa mwaka 2012, limeyazamisha baadhi yao.

Kundi ninalolizungumzia halikulipa nauli, lilikuwa kazini. Liliondoka Bagamoyo Novemba 1874, watu zaidi ya mia mbili, na boti la Lady Alice limekatwa vipande vinavyobebeka mabegani. Kwa hiyo kabla boti halijawabeba watu, wapagazi walilibeba boti. (Jina Kariakoo lenyewe limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Mitaa yetu inajua habari za mizigo.)

Msukani wa Lady Alice aliitwa Uledi. Machi 1877 maji makali yakaanza. Mara nyingi hawakupiga kafi kabisa: waliburuta mitumbwi juu ya miamba, au waliishusha kandokando ya mto kwa kamba. Mwishoni mwa Machi mtumbwi mmoja ulichukuliwa na mkondo, akafa Kalulu, kijana aliyekuwa amefika hadi Uingereza na Marekani. Tarehe 3 Juni ilikuwa zamu ya Mwingereza Frank Pocock. Miguu yake ilikuwa na vidonda, hakutaka kuzunguka kwa nchi kavu. Uledi alikwenda kuyatazama maporomoko, akarudi akisema hayapitiki. Pocock akawadhihaki kuwa ni waoga. Wakaingia. Pocock akazama, Uledi akatoka hai.

Habari hizi tunazipata kwa kalamu ya Stanley, mtu aliyependa kujipamba, lakini hata yeye hakuweza kumficha Uledi. Anaeleza jinsi msukani huyo, aliyekwisha kuokoa wenzake kadhaa majini, alivyokutwa ameiba shanga, fedha ya kununulia chakula cha wote. Wenzake walihukumu achapwe. Mdogo wake Shumari na ndugu yake Saywa wakajitokeza wachapwe wao badala yake. Akasamehewa.

Mwisho wa Julai walilitupa Lady Alice juu ya mwamba karibu na Isangila, wakaendelea kwa miguu, njaa imewabana. Ilibidi barua ya kuomba chakula ipelekwe Boma, kwa Wazungu wafanyabiashara. Uledi alijitolea palepale, akasema anafunga mkanda tu aondoke. Alikwenda na Kacheche, Muini Pembe na Robert Feruzi, aliyesoma shule ya misheni Unguja. Siku chache baadaye mchele ukafika.