Mtangazaji Aliyesikiliza

Tunapowasifu watu wa redio, kwa kawaida tunasifu usemi wao. Studs Terkel, mtangazaji na mwandishi wa mji wa Chicago, Marekani, astahili kukumbukwa kwa jinsi alivyosikiliza.

Alizaliwa New York mwaka 1912, akakulia Chicago, ambako wazazi wake waliendesha nyumba ya kupangisha. Humo aliwasikia wafanyakazi na wasio na kazi wakibishana juu ya mambo ya dunia. Alihitimu masomo ya sheria mwaka 1934, lakini hakuifanya sheria kuwa kazi yake; aliingia redioni.

Baada ya Vita Kuu ya Pili ukaja wakati wa hofu, ambapo wengi walishukiwa kuwa Wakomunisti. Terkel alikuwa ametia sahihi hati za kupinga ubaguzi wa rangi. Alipotakiwa azikane sahihi zake, alikataa, na kipindi chake cha televisheni kikaondolewa. Mwaka 1952 alianza kutangaza katika WFMT, redio ya mji huohuo. Alidumu hapo miaka 45.

Wasanii na wataalamu mashuhuri walifika mbele ya kipaza sauti chake. Hata hivyo, vitabu vyake aliwapa hasa wale ambao hakuna aliyewauliza neno. Katika *Working*, kilichotoka mwaka 1974, wanazungumza mchimba makaburi, mhudumu wa mkahawa na mfanyakazi wa chuma, kila mmoja akieleza kazi yake na heshima anayoitafuta ndani yake. Kitabu chake juu ya Vita Kuu ya Pili kilipata tuzo ya Pulitzer mwaka 1985.

Terkel alisimulia habari za mama mmoja maskini aliyesikia kwa mara ya kwanza sauti yake iliyonaswa. Mama huyo alishangaa, kwani hakuwa amejua kwamba ndivyo alivyofikiri.

Hapo twaona maana ya kazi hiyo. Historia huandikwa kwa urahisi kutokana na hotuba za wakubwa, kwa kuwa hizo huhifadhiwa. Neno la mnyonge hupotea, si kwa kukosa hekima, bali kwa kukosa msikilizaji. Terkel alifariki mwaka 2008, akiwa na miaka 96. Sauti alizozinasa zingali zinasikika. Nasi tujiulize: wazee wetu waliochimba shaba na kulima mashamba, nani amekaa nao akawauliza?