Penalti ya Aliou Cissé

Bamako, Februari 2002. Fainali ya Kombe la Afrika imeisha 0-0. Nahodha wa Senegal, Aliou Cissé, anapiga penalti ya mwisho. Anakosa, Kamerun wanabeba kombe. Mwezi Mei akaongoza timu kuifunga Ufaransa kwenye Kombe la Dunia. Septemba, meli ya Le Joola ikazama na ndugu zake kadhaa.

Mwaka 2015 akawa kocha wa timu ileile. Mwaka 2019 akapoteza fainali mbele ya Algeria. Ungesema jamaa ana mkosi. Kisha Februari 2022, Yaoundé, nyumbani kwa Wakameruni walewale: Sadio Mané, aliyekosa penalti dakika za mwanzo dhidi ya Misri, akaachiwa ile ya mwisho. Akafunga. Aliyewahi kukosa hamwogopi aliyekosa.