Barabara ya Moyale: Miaka Mingapi Kufika Kenya?

Wangapi hapa mmewahi kufika Moyale? Si kuiona kwa simu. Kufika. Mimi nina miaka 23, nimezaliwa na kulelewa Nairobi, na mpaka mwaka jana Kenya yangu ilikuwa inaishia Isiolo. Huko mbele kichwani mwangu kulikuwa tu na jua, ngamia na habari mbaya za saa moja.

Siku moja nikapanda basi la jioni pale Eastleigh. Nilikaa na mzee mmoja wa Moyale, mpole sana. Tulipopita Isiolo usiku akaniuliza, "Kijana, umetoka Kenya kuja kututembelea?" Nikacheka, nikidhani ni utani. Yeye hakucheka.

Niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo msinichukulie kama profesa. Lakini swali la huyo mzee lilinikosesha usingizi, na niliporudi nikaanza kusoma.

Kwanza njia yenyewe. Hii ni A2, sehemu ya ile barabara kuu ya Cairo mpaka Cape Town. Kutoka Isiolo unafika Archers Post, unavuka Ewaso Nyiro, unapita chini ya mlima Ololokwe, halafu Sereolipi, Merille, Laisamis, Logologo. Unapanda mlima Marsabit wenye msitu na ukungu, unashuka Dida Galgalu, jangwa la mawe meusi mpaka macho yanachoka. Kisha Turbi, halafu Moyale, mpakani na Ethiopia. Toka Isiolo ni takriban kilomita 500.

Sasa historia. Mwaka 1902 wakoloni walitunga sheria ya kuwaruhusu kufunga wilaya za pembeni. Kaskazini ikafungwa: huingii wala hutoki bila kibali. Mwaka 1934 wakaongeza sheria nyingine, iliyowapa maafisa nguvu ya kuamua watu wahamie wapi na kuadhibu jamii nzima kwa kosa la mmoja. Isiolo ikawa geti. Yaani barabara ilikuwepo, lakini haikuwa ya wenyeji kutembelea. Na serikali ikitaka kumpoteza mtu, inampeleka huko. Harry Thuku alikamatwa 1922, akapelekwa Kismayu, na baadaye akawekwa Marsabit. Sisi tunamsoma kama shujaa aliyefungiwa mbali. Nani aliwahi kutuuliza kuhusu watu ambao hapo "mbali" ni kwao?

Utasema huo ni ukoloni, uliisha. Ngoja.

Uhuru tulipata tarehe 12 Desemba 1963. Tarehe 28 mwezi huo huo, siku 16 tu baadaye, serikali mpya ikatangaza hali ya hatari kaskazini. Vita vya Shifta vilikuwa vimeanza, kwa sababu wengi huko, hasa Wasomali, walitaka kujiunga na Somalia. Vita viliisha 1967. Hali ya hatari ilikaa mpaka 1991. Sisi tulisherehekea uhuru, wao wakangoja miaka 28 kabla ya kuishi chini ya sheria kama zetu.

Halafu kuna ile karatasi ya serikali ya 1965, Sessional Paper Namba 10. Ilisema pesa za maendeleo ziende kwanza penye ardhi nzuri, mvua, umeme na usafiri. Soma tena hapo kwa usafiri. Yaani uwe na barabara ndio upewe barabara!

Mzee aliniambia ujana wake aliusafiri juu ya lori, amekaa juu ya mizigo, vumbi mpaka kwa meno. Siku mbili, tatu. Mvua ikinyesha, mnalala njiani mpaka matope yakauke. Kwa sababu ya majambazi, magari yalienda kwa msafara, polisi mbele na nyuma.

Na hiyo njia imezika watu. Julai 2005 watu wengi waliuawa Turbi, na watoto wakiwemo. Aprili 2006 viongozi waliokuwa wakienda kuleta amani walianguka na ndege Marsabit, watu 14 wakafa, akiwemo Bonaya Godana, aliyewahi kuwa Waziri wa Mambo ya Nje.

Lami ilikuja kwa vipande. Isiolo hadi Merille ilitangulia, kilomita 136, halafu vipande vingine vikafuata, kwa pesa za Benki ya Maendeleo ya Afrika, Umoja wa Ulaya na wengineo. Kufikia 2017 lami ilikuwa imefika Moyale. Zaidi ya nusu karne baada ya uhuru. Sasa unatoka Nairobi jioni, asubuhi uko mpakani. Ni kitu kikubwa, siwezi kukidharau. Mgonjwa anafika hospitali, mbuzi wanafika soko.

Lakini wacha niwaambie nilichoona. Kwa kizuizi kimoja askari alipanda basi kuangalia vitambulisho. Changu alikitupia jicho tu, akanirudishia. Cha mzee alikigeuza mara tatu. Ulizaliwa wapi? Baba yako nani? Unaenda kufanya nini huko?

Alikuwa anaenda kwake. Mimi ndiye mgeni, na hakuna aliyeniuliza kitu.

Maoni yangu ni haya: lami imefika Moyale, lakini geti la 1902 bado halijang'olewa lote. Siku huyo mzee atapita kizuizini kama nilivyopita mimi, hapo ndipo hiyo barabara itakuwa imekamilika.

Kama wewe ni wa Marsabit, Isiolo au Moyale na kuna mahali nimekosea, nirekebishe. Na wewe mwenzangu wa huku, ukisikia mtu wa kaskazini akisema "naenda Kenya", usicheke. Muulize amesimamishwa mara ngapi njiani.