Kisebuano: Nani Aliwaletea Saa?

Ukitaka kujua nani alimtawala nani, achana kwanza na orodha ya magavana. Muulize mwenye lugha yake saa ngapi, kisha sikiliza anavyojibu.

Siku hizi najifunza Kisebuano, lugha ya kisiwa cha Cebu na ya watu wengi wa Visayas na Mindanao, huko Ufilipino. Nimeanzia kwenye maneno ya wakati, maana bila hayo hata miadi huwezi kupanga. Kumbe humo humo mna historia nzima!

Maneno ya angani ni yao wenyewe. Adlaw ni jua, na ndiyo siku pia. Bulan ni mwezi: ule wa juu na huu wa mshahara, kama kwetu. Buntag ni asubuhi, udto ni adhuhuri, hapon ni alasiri, gabii ni usiku. Jana ni gahapon, sasa ni karon, kesho ni ugma.

Haya, sasa uliza: "Unsang orasa na?" Yaani, saa ngapi sasa? Hapo ndipo Mhispania anapojitokeza. Neno oras ni lake, na jibu pia ni lake: alas-dos, alas-tres, alas-siyete. Si kwamba hawana namba zao. Wanazo, duha, tulo, pito, na wanahesabia vitu mpaka leo. Lakini saa wanaitaja Kihispania. Wiki ni semana, Jumatatu ni Lunes, Januari ni Enero. (Mswahili ujihadhari: alas-siyete ya asubuhi ni saa yetu moja. Wao hawaanzi kuhesabu kunapokucha.)

Ilikuwaje? Ferdinand Magellan alifika Cebu mwaka 1521, akauawa kisiwa cha jirani, Mactan, tarehe 27 Aprili. Mwaka 1565 Wahispania walirudi na Miguel López de Legazpi, wakatawala hadi 1898. Walikuja na kanisa, na kanisa likaja na kengele na kalenda yake. Mkulima wa Cebu hakuhitaji mgeni wa kumwambia kumekucha. Alichoambiwa ni lini Jumapili.

Tena walikuja na tarehe yao. Kwa kuwa walifika kwa kuvuka Pasifiki kutoka Mexico, walihesabu siku kama watu wa Amerika. Matokeo yake, Ufilipino ilikuwa nyuma kwa siku moja kuliko majirani zake wa Asia, na hali hiyo ilidumu zaidi ya miaka 270! Mexico ilipojitawala mwaka 1821, na biashara ilipoelekea zaidi China na visiwa vya jirani, hesabu hiyo ikawa kero. Ndipo Gavana Narciso Clavería akaamuru Jumanne, tarehe 31 Desemba 1844, ifutwe. Watu walilala Jumatatu tarehe 30 Desemba, wakaamka Jumatano, Januari Mosi 1845.

Fikiria hilo. Mtu mmoja ofisini Manila anafuta siku ya nchi nzima kwa kalamu. Lakini jua la Cebu lilichomoza asubuhi ile kama kawaida, na aliyelisubiri aliliita adlaw, kama babu yake kabla ya Magellan.

Tusiwacheke. Sisi saa na dakika tumezipata kwa Waarabu, wiki kwa Waingereza. Wamalagasi, ambao lugha yao ni ndugu wa Kisebuano, mwezi wanauita volana, ila Alhamisi yao ni Alakamisy, kutoka Kiarabu kama yetu. Ndugu wawili wa ukoo mmoja, kila mmoja kachukua majina ya siku kwa mgeni aliyebisha hodi kwake.

Ndiyo maana nasema anayejifunza lugha asiyapite haraka maneno haya madogo. Saa inaweza kuletwa na mgeni, na siku inaweza kufutwa na gavana. Ila ugma, ile kesho ya Wasebu, bado ni neno lao. Sisi je, katika maneno yetu ya wakati, yapi ni yetu kabisa? Hebu anza kuyahesabu.