Kilichoumaliza Ukoo wa Takeda

Aprili 1582, Takeda Katsuyori alikuwa akikimbilia milimani na mkewe mwenye miaka 19, mwanawe Nobukatsu, na wafuasi wachache waliokuwa hawajamkimbia. Ngome yake mpya alikuwa ameichoma moto mwenyewe. Ngome aliyokuwa akiiendea ilikuwa ya Oyamada Nobushige, mmoja wa wakuu wake, na huyo Oyamada alikuwa amekwisha kumfungia njia. Mahali paitwapo Tano, chini ya mlima Tenmoku, wote watatu wakafa.

Masimulizi mengi yanatuambia kwamba ukoo huu ulikufa miaka saba kabla ya hapo, kwenye vita vya Nagashino. Kurosawa naye aliimalizia hapo filamu yake ya Kagemusha, ya mwaka 1980: farasi wanakimbia, bunduki zinalia, basi. Ni hadithi tamu, na sisi tuliokulia kwenye masomo ya historia ya kukariri vita na tarehe tunaipokea bila ubishi. Lakini miaka saba ni mingi mno kwa maiti kuendelea kutawala.

Turudi nyuma kidogo. Kai, jimbo la Takeda, ndiyo Yamanashi ya leo: milima kila upande, hakuna bahari, na mito inayofurika. Katika karne ya 16 Japani ilikuwa na mfalme asiye na nguvu na shoguni asiyesikilizwa, kwa hiyo kila mwenye jeshi alijitawalia kwake. Takeda Nobutora aliwatiisha wakuu wa Kai mmoja mmoja, akajenga makao yake Kofu mwaka 1519. Shukrani aliyopata ilitoka kwa mwanawe wa kwanza. Mwaka 1541 Nobutora alikwenda Suruga kumtembelea mkwewe, na alipotaka kurudi akakuta mpaka umefungwa. Mwanawe, kijana wa miaka 20 hivi, alikuwa amekaa kwenye kiti chake. Kijana huyo ndiye dunia inayemjua kwa jina la Takeda Shingen.

Shingen alikuwa mtawala hodari, hilo halina mjadala. Alitunga sheria za jimbo mwaka 1547, akachimba dhahabu, akajenga tuta la kuzuia mafuriko ambalo mpaka leo linaitwa kwa jina lake. Aliimeza Shinano, jimbo jirani, na huko akagongana na Uesugi Kenshin. Walikutana Kawanakajima mara tano kati ya 1553 na 1564. Pambano la nne, la 1561, lilimgharimu Shingen mdogo wake Nobushige, na bado hakuna aliyeshinda kwa uhakika.

Mimi navutiwa zaidi na yaliyotokea nyumbani kwake. Mwaka 1542 Shingen aliangamiza ukoo wa Suwa, akamlazimisha mkuu wao kujiua, kisha akamchukua binti wa marehemu kuwa suria. Mtoto aliyezaliwa ni Katsuyori. Hakulelewa awe Takeda: alipewa kuurithi ukoo wa mama yake, na hata jina lake halina ile silabi ya “Nobu” iliyozoeleka kwa wanaume wa Takeda. Mrithi halali alikuwa Yoshinobu, aliyeoa binti wa Imagawa wa Suruga. Baada ya Imagawa kudhoofika, Shingen akaitamani Suruga, nchi yenye pwani. Yoshinobu akashutumiwa kula njama dhidi ya baba yake, akafungwa hekaluni, akafa mwaka 1567. Mwaka uliofuata Shingen akaivamia Suruga.

Angalia hesabu hiyo. Baba amefukuzwa, mrithi amefia kifungoni, na anayebaki kushika nyumba ni mtoto aliyelelewa kuwa mtu wa nyumba nyingine.

Januari 1573 Shingen alimpiga vibaya Tokugawa Ieyasu pale Mikatagahara. Miezi michache baadaye akafa kwa maradhi, akiwa vitani. Inasimuliwa kwamba aliagiza kifo chake kifichwe miaka mitatu, na kwamba Katsuyori awe mlinzi tu wa kiti mpaka Nobukatsu akue. Kama ni kweli, hakuna namna bora zaidi ya kumdhoofisha mtu mbele ya makamanda waliomzidi umri na sifa. Na yule babu Nobutora? Alikuwa bado hai. Alikufa 1574, akiwa amemzika, kwa maana fulani, mwana aliyemfukuza.

Katsuyori hakuwa goigoi. Mwaka 1574 aliiteka ngome ya Takatenjin, ambayo baba yake aliishindwa. Mwaka uliofuata akaizingira Nagashino, Oda Nobunaga na Ieyasu wakaja na jeshi kubwa kuliko lake, wakajenga uzio wa magogo na kupanga nyuma yake watu wenye magobore. Silaha hizo zilifika Japani mwaka 1543 na Wareno, watu ambao pwani ya Afrika Mashariki iliwajua mapema zaidi, walipoziteketeza Kilwa na Mombasa mwaka 1505. Yamagata, Baba, Naito, makamanda wa enzi ya Shingen, walilala pale. Pigo lilikuwa kubwa, lakini jimbo lilibaki.

Kilichofuata kilikuwa uchakavu wa imani. Mwaka 1578 ndugu wawili wa Uesugi waligombea urithi. Mmoja alikuwa wa damu ya Hojo, ukoo wa mke wa Katsuyori. Katsuyori akaishia kumkubali yule mwingine, na Hojo wakageuka maadui. Mwaka 1581 Takatenjin ilizingirwa, walinzi wake wakasubiri msaada ambao haukuja. Kila mkuu wa ngome ndogo aliona na kujiuliza, je, zamu yangu ikifika? Wakati huohuo Katsuyori alikuwa akiwatoza watu kazi ya kujenga ngome mpya, Shinpu.

Mapema 1582 Kiso Yoshimasa, shemeji yake, akahamia kwa Nobunaga. Katsuyori akawaua mateka wa Kiso, akiwamo mama yake mzee. Haikusaidia. Majeshi ya Oda Nobutada, mwana wa Nobunaga, yaliingia Shinano na ngome zikafunguka moja baada ya nyingine. Anayama, binamu na shemeji kwa pamoja, naye akavuka upande. Kikulacho ki nguoni mwako. Ni Takato peke yake iliyopigana kwelikweli, chini ya Nishina Morinobu, ndugu wa Katsuyori kwa baba. Yote hayo yalichukua wiki chache.

Nobutada huyo aliwahi kuposewa Matsuhime, binti wa Shingen, kabla nyumba hizo mbili hazijakosana. Matsuhime alikimbilia Hachioji akawa mtawa. Oyamada alikwenda kwa Nobutada kutafuta fadhila, akauawa kwa usaliti wake. Miezi mitatu haikupita baada ya Tano, Nobunaga na Nobutada nao wakafa Kyoto, wakisalitiwa na jenerali wao wenyewe.

Kai ikaangukia kwa Ieyasu, aliyepigwa Mikatagahara. Aliwaajiri wapiganaji wa Takeda waliobaki, akawaweka wengi chini ya Ii Naomasa, na kikosi hicho chote kikavaa deraya nyekundu, rangi ya watu wa Yamagata.