Tafakuri, si Uakisi

Kabla ya mradi wa maji wa miaka ya 1950, wanawake wa Newala waliteremka mabondeni kuchota maji, kwani juu ya uwanda wa Makonde hakuna mito. Mradi ule uliyapandisha kwa pampu. Tuseme mwanafunzi wa uhandisi kutoka Masasi amepewa kuusanifu upya mtambo huo: akimaliza kuchora hana budi kujisaili, pampu ikisimama, nani atarudi bondeni? Tendo hilo, ambalo Donald Schön aliliandikia kitabu mwaka 1983, baadhi yetu tuliwahi kuliita 'uakisi'. Tulikosea. Uakisi ni wa nuru na kioo; mwanafunzi aambiwaye aakisi hunakili tu alichokwisha kuchora. Tumerudia 'tafakuri', neno ambalo wazee wetu hawahitaji kufafanuliwa.