Ubanaji wa data za mahali

Ubanaji wa data za mahali ni kupunguza ukubwa wa kumbukumbu zinazoonyesha gari, mtu au mnyama alikuwa wapi na saa ngapi, ili zihifadhiwe katika nafasi ndogo.

Ukubwa wa data

Kifaa cha GPS kinachoandika nukta moja kila sekunde hukusanya nukta 86,400 kwa siku. Ikiwa latitudo, longitudo na wakati huchukua baiti 8 kila kimoja, nukta moja ni baiti 24, na siku nzima ni takriban megabaiti 2. Kwa magari 1,000 ni gigabaiti 2 kila siku.

Kuhifadhi tofauti

Gari haliendi mbali kwa sekunde moja. Kwa hiyo nukta ya kwanza huandikwa kamili, na zinazofuata huandikwa kama tofauti na iliyotangulia. Kizio cha digrii 0.00001 ni takriban mita 1.1 kwenye ikweta. Gari lenye mwendo wa kilomita 100 kwa saa husogea mita 28 kwa sekunde, yaani vizio 25 hivi. Namba hiyo hutosha katika baiti 1, hivyo nukta hushuka kutoka baiti 24 hadi 3. Tofauti moja ikipotea, nukta zote zinazofuata hukosewa. Ndiyo maana nukta kamili huandikwa tena kila baada ya muda.

Kuondoa nukta

Algoriti ya Ramer–Douglas–Peucker ilielezwa na Urs Ramer mwaka 1972, na David Douglas na Thomas Peucker mwaka 1973. Huchora mstari mnyoofu kutoka nukta ya kwanza hadi ya mwisho, kisha hutafuta nukta iliyo mbali zaidi na mstari huo. Ikiwa umbali hauzidi kiwango kilichowekwa, nukta zote za katikati hufutwa. Ukizidi, nukta hiyo hubakizwa, njia hugawanywa hapo, na kazi hurudiwa kwa kila sehemu.

Hasara

Algoriti hiyo huangalia umbo la njia tu, si wakati. Basi likisimama nusu saa kwenye barabara iliyonyooka, au likienda kasi kupita kiasi, ushahidi unaweza kufutwa ingawa ramani inabaki sahihi. Nchini Tanzania, ambako LATRA hufuatilia mwendo wa mabasi kwa vifaa vya aina hii, kasi ni jambo la usalama wa abiria. Ili kuitunza, kila nukta hulinganishwa na mahali ambapo gari lingekuwa wakati uleule kama lingekwenda kwa mwendo usiobadilika.